Kiwiko cha Tuta

Ukisimama penye msikiti wetu ukaangalia upande wa mto, utaliona tuta linakwenda sawasawa kutoka kivukoni hadi karibu na minazi, kisha linajikunja kuingia ndani, linazunguka kitu, halafu linarudi mtoni na kuendelea na safari yake. Mainjinia wanaokuja kulikagua hukuna vichwa. Nani alichora kiwiko hiki? wanauliza. Wanaonyeshwa bendera nyeupe na kaburi lililopakwa chokaa, nao wananyamaza. Mimi pia hunyamaza. Lakini kiwiko kile ni kazi ya watu wawili, shemeji yangu na mimi, na yeye keshakufa, kwa hiyo nimebaki mimi wa kueleza. Na sielezi kwa majuto.

Kwetu, huku juu kidogo ya Vanga, minazi ni ya wanaume na mabonde ya mpunga ni ya wanawake. Bonde langu nilipewa na mama, naye alipewa na mamake. Mume wangu aliishi akila wali wa bonde lile, na alipofariki halikuingia katika mirathi kwa kuwa halikuwa lake. Nilibaki mjane na mabinti wadogo, na bonde ndilo lililonifanya nisimpigie mtu hodi kuomba. Nilikaa juu ya dungu asubuhi nikiamia ndege kwa makelele na mabonge ya udongo, nikijiona tajiri. Nilikuwa na ulimi na nilikuwa na mpunga, na mwanamke mwenye hivyo viwili watu humwamkia kwa adabu.

Sasa mto. Mto Umba una tabia mbaya ya kuleta maji bila kuaga. Mvua hunyesha mbali huko, kwenye milima ya Usambara, nasi huku jua linawaka na nguo zimeanikwa, ghafula mto unafura. Babu zetu waliinua tuta la udongo kwa mikono yao, na kila masika lililiwa kidogo. Mafuriko yaliyotangulia uhuru yalilipasua kabisa. Maji yalipita vyumbani, yakabeba vitanda na mbuzi, yakaacha matope hadi kwenye kibla cha msikiti. Kwa hiyo bendera mpya ilipopanda, wenzetu wa kwingine walipokuwa wakiomba shule na zahanati, sisi tulikuwa na ombi moja tu. Tulitaka tuta.

Mudir wa zamani, mtawala wetu wa enzi ya mkoloni, alikuwa keshaondoka. Tuliletewa D.O. kijana, akasimama juu ya meza ya chuo cha Kurani na kutuambia kwamba serikali sasa ni yetu, lakini mfuko wake bado mchanga. Mpango ulikuwa hivi: serikali italeta injinia, katapila na baadaye mawe na saruji, sisi tutatoa mikono na harambee. Kazi itafanywa kwa awamu mbili, kwanza tuta la udongo, na fedha zikipatikana, kulipandisha na kulivika mawe. Iliundwa kamati ya tuta, wanaume watupu, na mwenyekiti akawa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Mimi nilipiga vigelegele alipochaguliwa. Nilipiga kwa nguvu, wallahi.

Injinia alikuwa kijana wa bara, mrefu, mwenye kofia ya jua na Kiswahili cha kukatakata. Alitembea na kamba yake akipigilia vigingi ukingoni mwa mto, mstari umenyooka. Mabonde yote yaliingia ndani ya kinga, langu likiwamo. Lakini mstari ule ulipita katikati ya minazi ya shemeji, maana shamba lake liko pale pale mtoni, ubavuni mwa bonde langu. Ilibidi safu nzima ya minazi ikatwe. Injinia alimwambia atapata fidia. Shemeji alipapasa ndevu, akasema inshallah, akamkaribisha chakula. Wali aliokula injinia siku ile ulikuwa wa bonde langu, nami ndiye niliyeupika.

Baada ya siku chache watu walikwenda harusini Majoreni, kijiji karibu kizima. Mimi nilibaki kwa kuwa binti yangu mdogo alikuwa na homa. Waliporudi, na injinia aliporudi, palikuwa na kaburi katikati ya minazi, pale pale chini ya mstari wa vigingi. Lilikuwa na udongo ulioinuliwa, majani makavu yaliyotawanywa juu yake kwa ustadi, jiwe la kichwani na jiwe la miguuni. Shemeji alimshika injinia mkono na kumpeleka pale huku akitembea taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Bwana injinia," akamwambia, "niwie radhi sikukwambia siku ile. Hapa amelala mtu mkubwa. Walii wa zamani. Sisi hatukanyagi hapa."

Yule kijana alivua kofia. Alisema serikali hii si ya mkoloni, haiwezi kuanza kazi kwa kuvunja makaburi ya wenyewe. Jioni ile ile aling'oa vigingi na kuvipeleka ndani, nyuma ya minazi na ya bonde langu lililo ubavuni mwake, akavirudisha mtoni mbele kidogo. Minazi ya shemeji ikabaki nje ya tuta, na bonde langu nalo likabaki nje, peke yake kati ya mabonde yote. Mnazi hausumbuliwi na maji ya siku mbili tatu. Mpunga unaokaribia kukomaa huoza.

Nilikwenda kuliona kaburi kesho yake mchana, jua la utosi, watu wamelala. Niliinama kwenye jiwe la miguuni. Nililifahamu mara moja. Lilikuwa jiwe letu la kufulia, lililokuwa pembeni mwa kisima cha marehemu mume wangu, limelika upande mmoja kwa miaka ya kusuguliwa kanzu zake. Nilikuwa nimelitafuta wiki nzima nikidhani watoto wamelibiringisha. Nilikaa chini pale pale nikalicheka jiwe, kisha nikalia kwa hasira hadi nikapaliwa.

Usidhani nilinyamaza. Nilikwenda kwa wazee wa msikiti nikawaambia kaburi lile ni la uongo na walii yule miguu yake imeegemea jiwe langu la kufulia. Walinisikiliza kwa heshima. Mmoja wao, mtu mwema aliyekula chumvi nyingi, alinijibu bila kunitazama.

"Mwanangu, kaburi halijulikani kuwa tupu mpaka lifukuliwe. Na kufukua kaburi ni haramu. Sasa unataka tufanyeje?"

"Mwambieni ale yamini."

"Tumwapishe mtu mzima kwa sababu ya jiwe? Mawe yanafanana, mwanangu."

Nikawaendea wanawake wenzangu, wale tuliopanda na kupalilia pamoja. Walinipa pole nyingi. Mabonde yao yalikuwa ndani ya vigingi vipya, na mtu ambaye bonde lake li salama hana haja ya kusogeza tuta. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini kila mmoja alikumbuka kwamba ana chungu jikoni. Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Shemeji nilimchukia kwa sababu alinidhulumu, na wao niliwachukia kwa sababu waliniona nikidhulumiwa wakaenda kukoroga mboga.

Tuta la udongo lilijengwa. Katapila lilinguruma, wanaume walichimba, sisi tulibeba udongo kwa makarai, na mimi nilibeba kama wengine ili nisisemwe. Masika ya kwanza maji yalifika kwenye kiwiko, yakapinduka, yakaja kwangu kwa nguvu zaidi ya zamani. Nilivuna nusu ya mpunga, na nusu hiyo ilinuka matope. Shemeji alinitumia pole na nazi za kutia kwenye wali. Nilizipokea. Nilizivunja moja moja kwa kisu kikubwa na kuwapa kuku.

Nilifikiri sana katika siku zile. Nilikuwa nimekosea kulipinga kaburi. Uongo wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli la dini, na mimi nilikuwa nikigonga mlango kama mwendawazimu. Je, nikiacha kugonga? Je, nikikubali kwamba pale amelala walii, nikamheshimu walii yule kwa heshima zake zote, bila kupunguza hata moja?

Alhamisi moja baada ya alasiri nilioga, nikavaa kanga mpya, nikachukua ubani, chetezo na sinia ya halua, nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wanawake nimetubu. Nilikuwa nimemkosea mtu wa Mungu kwa ulimi wangu, nikasema, na mpunga wangu umeoza kwa sababu hiyo. Nakwenda kumwomba radhi, nani atanisindikiza? Walikuja wengi. Walikuwa na haya juu yangu, na hii ilikuwa njia rahisi ya kuitua. Tulifukiza ubani, tukasoma Yasini, tukala halua chini ya minazi ya shemeji. Shemeji alitoka nyumbani kwake akasimama mbali, haelewi.

"Shikamoo, shemeji," nikamwita kwa furaha. "Karibu kwa mgeni wako."

"Marahaba," akasema. Hakukaribia.

Tukawa tunakwenda kila Alhamisi. Mwanamke mmoja aliyekaa miaka bila mtoto alishika mimba, akasema ni baraka ya walii. Mwingine mumewe alirudi kutoka Mombasa. Mimi sikumwongopea yeyote. Niliwasha ubani tu, wao wakaleta habari. Nilishona bendera nyeupe kwa mkono wangu nikaisimamisha kwenye mti mrefu ili ionekane kutoka barabarani. Kabla ya mwaka kwisha watu walikuwa wakija kwa lori kutoka Msambweni, na kwa miguu kutoka Majoreni na Kibuyuni, kutoa nadhiri na kuchinja mbuzi. Walilibusu jiwe la kichwani na la miguuni. Nilitazama midomo yao ikigusa mahali nilipokuwa nikisugua shingo za kanzu, na uso wangu ulikuwa mtulivu kabisa.

Lakini baraka ninayoikumbuka mimi ni ya wakwezi. Mkwezi ni mtu anayejua mauti yako wapi, maana kila siku hupanda yalipo. Yule aliyezoea kumwangulia shemeji nazi alikuja na panga lake, akalitazama kaburi, akaitazama minazi iliyoinama juu yake, akajikuna kisogo.

"Bwana mkubwa, nisamehe. Nitapandishaje nyayo zangu juu ya kichwa cha walii?"

Shemeji alileta mwingine kutoka Kinondo, mtu mgeni asiyejua habari. Yule alikuwa keshafika nusu ya mnazi wa kwanza wakati mimi na wenzangu tulipotokea na chetezo. Sikumkaripia. Nilimwuliza tu kwa upole kama ana watoto. Alishuka upesi kuliko alivyopanda. Habari zake zilifika kwa wakwezi wote wa pwani yetu, na tangu siku ile hakuna aliyeikwea minazi ya shemeji. Nazi zilikauka juu zikaanguka zenyewe, na zilizoanguka wageni walizichukua kuwa tabaruku, kitu cha baraka, mbele ya macho yake. Angewafukuzaje? Ni yeye aliyesema pale amelala mtu mkubwa. Alitaka kuuza shamba, hakupata mnunuzi. Alitaka kulitia ua, wazee wale wale waliokataa kumwapisha wakamkumbusha kwamba njia ya kaburi haifungwi. Akawa anawapa wageni kahawa, maana mwenye walii hawezi kuwa bahili. Akakonda, na mimi nikanenepa. Nasema kweli, mpunga wangu ulikuwa unaoza kila masika na mimi nilikuwa nanenepa.

Kisha zikaja habari za awamu ya pili. Serikali ilikuwa imepata mawe na saruji, na kijiji kilitakiwa kutoa sehemu yake. Kamati ilitazama mifuko yake mitupu, halafu ikatazama kisanduku cha sadaka ambacho wageni walikuwa wakikijaza kaburini, nacho kikatosheleza. Injinia yule yule alirudi, safari hii ana kitambi kidogo, akatwambia kwamba D.O. ataitisha baraza, na yeyote mwenye neno kuhusu mstari wa tuta alitoe siku hiyo. "Huu ndio mwisho," alisema. "Tukimwaga saruji, hatusogezi kitu tena."

Siku iliyofuata shemeji alikuja kwangu. Alikaa kwenye kibaraza cha nje, akaomba maji, akayanywa yote.

"Shemeji, tumalize mambo haya," akasema. "Nitasimama barazani niseme pale hapana mtu. Tuta litanyooka, wewe utapata bonde lako, mimi nitapata minazi yangu itakayobaki. Lakini wewe ndiwe mama wa ziara. Wakikuuliza, sema kama nitakavyosema mimi."

Nililiona bonde langu likiwa kijani hadi ukingoni. Nilimwambia nakubali, kwa sharti moja: aseme mbele za watu kwamba aliweka mawe yale akijua, na kwamba alijua maji yatakuja kwangu.

"Nitasema," akajibu.

"Utataja bonde langu?"

"Nimekwambia nitasema."

Barazani watu walijaa hadi nje ya uwanja wa chuo. D.O. alikuwa mezani, injinia pembeni yake na ramani. Shemeji alisimama katika kanzu safi, akakohoa, akaanza kwa bismillahi. Alisema kwamba katika mwaka ule wa vigingi alioteshwa. Alimwona mzee mweupe wa nguo akimwonyesha mahali chini ya minazi, naye kwa nia njema, kwa kuogopa tu kumkosea mtu wa Mungu, akaweka mawe. Lakini sasa ametambua kwamba ndoto ile ilikuwa ya shetani. Chini ya mawe hapana mtu. Anaomba radhi kwa kuamini ndoto.

Akakaa. Hakutaja jiwe la kufulia. Hakutaja bonde. Mimi sikuwamo katika maneno yake hata kidogo, wala mama yangu, wala mamake. Alikuwa ametoka katika dhuluma yote ile akiwa mcha Mungu aliyedanganywa na shetani, kanzu yake haina doa. Alinigeukia akanipa ishara ndogo kwa kichwa, kama mtu anayempa mtumishi ruhusa ya kuingia.

Uwanja ulikuwa umeanza kuvuma. D.O. alinyamazisha watu. "Mama, wewe ndiwe uliyeanzisha ziara. Unasemaje? Pana mtu au hapana?"

Neno moja, hapana, lingetosha, na watu wangu wote walijua kwamba hapo mwanzo ndilo nililolisema. Injinia alikuwa na kalamu mkononi. Nilimtazama shemeji, amekaa, amekunja mikono, ameshasamehewa.

"Bwana D.O.," nikasema, "nilipolipinga kaburi lile mwanzo, wote mnakumbuka. Nilipinga kwa sababu nilikuwa sijaota. Ndoto ya shemeji haikuwa ya shetani. Mzee yule mweupe wa nguo amenijia na mimi. Shemeji amechoka na nazi zake kuanguka, mwanadamu hana subira, tumwombee. Lakini pale pana mtu."

Sikuapa. Hilo nilijihifadhi nalo.

Vigelegele vilipasuka. Wanaume walisimama, mmoja akampigia shemeji kelele kwamba anamuuza walii kwa ajili ya nazi. Aliinuka akasema jamani, nisikilizeni, huyu mwanamke anajua, mwulizeni jiwe ni la nini, lakini hakuna aliyetaka kusikia. Wazee wa msikiti walimshika mikono wakamketisha kama mgonjwa. Injinia alifunga kalamu yake. Alisema basi, inabaki hivyo.

Tuta lilipandishwa na kuvikwa mawe, na kiwiko kikatiwa saruji nene kuliko sehemu nyingine yote, kwa heshima. Shemeji alitolewa katika uenyekiti. Watu walimwitikia salamu zake, lakini hakuna aliyempa neno la pili.

Masika yaliyofuata mto ulifura usivyopata kufura. Kijiji kizima kilitoka kwenda kusimama juu ya tuta jipya kuona kama litashika, nalo lilishika. Wanawake walikumbatiana, mabonde yao yamekauka na kutulia nyuma yetu. Langu lilikuwa mbele, chini ya maji mekundu, hata dungu halionekani. Sitasema haikuniuma. Machozi yalinitoka, nami sikuyafuta. Nilijua sitalima tena pale, na kwamba mabinti zangu watakula mchele wa dukani katika ndoa zao.

Shemeji alikuja akasimama kando yangu. Alikuwa amezeeka ghafula.

"Umelizamisha bonde la mamako kwa mkono wako mwenyewe," akasema.

Niliitazama minazi yake, imesimama majini bila dhara, imebeba hadi makuti yanainama.

"Nna kiu, shemeji," nikamwambia. "Hebu kwea ukaniangulie dafu."